Kazi ya Kocha Mkuu: Somo kwa Sisi Tunaosimama Kando ya Kiwanja



Katika gazeti letu tuna desturi ya kuandika juu ya kazi ambazo mtu anaweza kuchagua kisha masomo. Mmekwisha kusoma juu ya kazi ya munganga, ya duane na ya dereva wa lori, ambazo hapa Kasumbalesa tunaziona kila siku. Leo sisi wa darasa la mwisho tunataka kujifunza pamoja nanyi kazi ya kocha mkuu, yule ambaye watu wengi kwetu wanamwita antrenere.

Tuko na sababu ya kuchagua somo hili, na hatutaificha. Majuma matatu yaliyopita ekipe yetu ilishindwa mabao 4 kwa 1 kwenye kiwanja chetu wenyewe. Mwalimu wetu wa hesabu, ambaye amewazoeza wachezaji wetu miaka minne bila kulipwa hata franka moja, alikuwa amesimama kando na filimbi yake. Tukaanza kumpigia kelele: "Toka, bwana mwalimu! Achia benye kujua!" Walioanza hawakuwa watoto wa madarasa ya chini. Tulikuwa sisi wakubwa. Mwisho wa mechi alikuja mbele yetu, akaweka filimbi juu ya benchi, akasema pole pole: "Minabaachia filimbi. Muchague mwenye kujua." Tangu siku ile hakuna mazoezi. Filimbi iko katika kabati ya Bwana Prefe, na yule mwenye kujua hajaonekana bado.

Basi tulikaa, tukajiuliza: kazi hii tuliyoizomea, sisi tunaijua? Haya ndiyo tuliyoyapata.

I. KOCHA ANAFANYA NINI?

Siku ya mechi tunamwona kocha akisimama na kupaza sauti. Ile ni sehemu ndogo ya kazi yake. Mechi ni dakika 90, lakini juma lina siku saba. Mwanzo wa juma mazoezi ni mazito: mbio, nguvu, kupokea mpira na kuutoa. Kadiri siku ya mechi inavyokaribia, kocha anapunguza uzito ili miguu ipumzike. Tena anachunguza ekipe watakayokutana nayo: nani ana mbio, nani anatumia mguu wa kushoto, mlango uko wapi.

Kisha anachagua wachezaji 11 wa kuanza. Kila mara anapochagua 11, kuna wengine ambao roho zao zinaumia, naye anapaswa kuishi nao tena kesho yake. Wakati wa mapumziko ana dakika 15 tu za kusahihisha makosa. Anaweza kubadilisha wachezaji, lakini yeye mwenyewe hawezi kuingia na kupiga mpira hata mara moja. Ugumu wa kazi uko hapo: anahukumiwa kwa kazi inayofanywa na miguu ya watu wengine. Walimu wetu wanaosoma gazeti hili wanajua jambo hili vizuri, kila mara matokeo ya Exetat yanapotangazwa.

II. KLABU ILIYOZALIWA SHULENI

Wengi wetu tunashangilia TP Mazembe ya Lubumbashi. Siku ya mechi kubwa, hata madereva wanaongoja mpakani wanafungua redio zao. Lakini ni wangapi wanajua kama klabu ile ilizaliwa shuleni? Mwaka 1939, wakati Lubumbashi ilipokuwa ikiitwa Élisabethville, mapadri Wabenedikto walioongoza shule ya Saint-Boniface waliunda ekipe kwa ajili ya wanafunzi wao. Ilianza kwa jina la Saint-Georges. Baadaye ikaitwa Englebert, jina la kampuni ya mipira ya magari. Chini ya jina hilo la Englebert ilichukua kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na tena 1968.

Tunalisema jambo hili ili tusidharau mazoezi ya shule. Mtu wa kwanza kusimama kando ya ekipe ile alikuwa akizoeza wanafunzi, sawa na mwalimu wetu wa hesabu.

III. SAFARI YA PAMPHILE MIHAYO KAZEMBE

Tunatwaa mfano wa mtu mmoja wa kwetu. Pamphile Mihayo Kazembe alicheza katikati ya uwanja kwa Mazembe, akawa mmoja wa wakubwa wa ekipe. Alikuwamo klabu ilipochukua kombe la mabingwa wa Afrika mara mbili kwa kufuatana, 2009 na 2010. Alikuwamo pia huko Abu Dhabi, Desemba 2010, chini ya kocha Lamine N'Diaye wa Senegal. Waliishinda Pachuca ya Meksiko bao 1 kwa 0, wakaishinda Internacional ya Brazili 2 kwa 0, na kwa njia hiyo Mazembe ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Katika fainali Inter ya Milano iliwafunga 3 kwa 0.

Mihayo alipoacha kucheza hakupewa ekipe kubwa mara moja. Alikaa kwanza kwenye benchi ya wasaidizi, akitazama namna makocha wa kigeni walivyofanya kazi. Mwaka 2015, chini ya Patrice Carteron, Mazembe ilichukua tena kombe la mabingwa. Mwaka 2016, chini ya Hubert Velud, ikachukua Kombe la Shirikisho.

Halafu ikaja Machi 2017. CAPS United ya Zimbabwe ilitoa sare ya 1 kwa 1 Lubumbashi, na sare ya 0 kwa 0 Harare. Kwa lile bao moja la ugenini Mazembe ikatolewa mapema katika mashindano ya mabingwa. Kocha aliyekuwako akaondolewa, na Mihayo akapewa kazi. Fikirini saa ile: watu wamekasirika, klabu imezoea makombe, na kocha mpya ni mtoto wa nyumba ambaye kila mtu anamjua na kila mtu anajiona anaweza kumfundisha. Ekipe ikashuka katika Kombe la Shirikisho. Novemba mwaka ule ule walishinda SuperSport United ya Afrika Kusini 2 kwa 1 Lubumbashi, wakashika 0 kwa 0 Pretoria, wakarudi na kombe.

Hadithi haikwisha hapo, na sehemu inayofuata ina mafundisho zaidi. Februari 2019 ekipe ya Mihayo ilifunga Club Africain ya Tunisia mabao 8 kwa 0. Mwezi wa nne walikutana na Simba ya Dar es Salaam. Kule Dar ilikuwa 0 kwa 0. Kamalondo, kabla watu hawajakaa vizuri, Emmanuel Okwi akawafungia Simba. Kama wale watazamaji wangekuwa sisi, tungekwisha kupiga kelele "toka!" dakika ya pili ile. Mazembe ilishinda 4 kwa 1. Lakini katika nusu fainali Espérance ya Tunis iliwatoa: 1 kwa 0 kule, 0 kwa 0 huku. Ekipe iliyofunga mabao 8 katika mechi moja haikupata hata bao moja katika dakika 180. Kocha ni yule yule, mazoezi ni yale yale.

IV. MWAKA MMOJA, KOCHA MMOJA

Wazee wetu waliona jambo kama hilo mwaka 1974. Kocha wa Zaïre alikuwa Blagoje Vidinić, Myugoslavia, ambaye mwaka 1970 alikuwa amepeleka Moroko katika Kombe la Dunia. Machi 1974, kule Kairo, Zaïre ilikutana na jirani zetu wa Zambia katika fainali ya Afrika. Siku ya kwanza 2 kwa 2. Mechi ikarudiwa, Zaïre ikashinda 2 kwa 0. Mabao yote manne ya Zaïre yalifungwa na Ndaye Mulamba. Kocha akawa shujaa.

Mwezi wa Juni wakaenda Ujerumani katika Kombe la Dunia, ekipe ya kwanza ya Afrika ya watu weusi kufika kule. Skotlandi ikawafunga 2 kwa 0. Yugoslavia ikawafunga 9 kwa 0. Brazili 3 kwa 0. Siku ya mabao 9 Vidinić alimtoa golikipa Kazadi baada ya bao la tatu, na kwa sababu waliocheza nao walikuwa watu wa nchi yake, wengi walinong'ona vibaya. Miaka ilipopita, wachezaji wenyewe walieleza kama pesa walizoahidiwa hazikuwafikia, na kama siku ile hawakutaka hata kuingia uwanjani. Kumbe kulikuwa na mambo nyuma ya pazia ambayo yule anayepiga kelele jukwaani hakuyaona.

Na sisi tulijiuliza: je, siku ile ya 4 kwa 1 tulijua yote? Hatukujua kama wachezaji wawili walikuja bila kula. Hatukujua kama golikipa wetu alikuwa na homa tangu usiku, na mwalimu hakuwa na mwingine wa kumweka. Tulijua kisha kuuliza, na tuliuliza tukiwa tumechelewa.

V. KAZI YA KOCHA INAOMBA MUDA

Kule Marekani kocha mkuu wa ekipe ya chuo kikuu ni mtumishi wa chuo kile. Wanacheza sana beisboli, mchezo ambao mmoja anatupa mpira mdogo na mwingine anaupiga kwa fimbo nene. Katika mchezo huo kulikuwa na kocha mmoja, Rod Dedeaux, wa Chuo Kikuu cha Southern California. Alianza kazi mwaka 1942, akaacha mwaka 1986. Miaka 45 karibu, chuo kile kile! Ekipe zake zilichukua ubingwa wa vyuo vya nchi nzima mara 11. Wanafunzi walikuja wakaenda, yeye akabaki akifundisha wengine.

Hata upande wa pili wa mpaka tuna mfano. Hervé Renard, Mfaransa, alikuja Zambia mwaka 2008, akaenda zake mwaka 2010, nao wakamwita tena mwaka 2011. Februari 2012, kule Libreville, Zambia ilichukua kombe la Afrika kwa penalti mbele ya Côte d'Ivoire. Ni karibu na mji ule ule ambapo tarehe 27 Aprili 1993 ndege ya ekipe ya Zambia ilianguka baharini. Kocha wao Godfrey Chitalu, mfungaji mkubwa wa zamani, alikufa pamoja na wachezaji wake. Zambia ilijenga upya miaka 19. Sisi hatukuweza kungoja dakika 90.

VI. ANAYETAKA KAZI HII AFANYE NINI?

Asiache shule. Wengine kati yetu wanafikiri mpira ni njia ya kukimbia hesabu. Kocha anahitaji hesabu ili kupanga mazoezi, anahitaji kujua mwili wa mtu, na anahitaji lugha ili kusikilizana na watu. Shirikisho la Afrika, yaani CAF, lina diploma zake kwa ngazi: D, halafu C, B, A, na Pro juu yake. Mtu anaanza chini, mara nyingi na watoto, akipanda kidogo kidogo. Tena ajue mapema kama kazi hii haina usalama: leo anabebwa mabegani, kesho anaondolewa. Asiyeweza kuvumilia maneno ya watu achague kazi nyingine.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Kocha ni mwalimu, na kazi yake kubwa inafanyika siku ambazo hatumtazami.
2. Mechi moja haitoshi kumpima mtu.
3. Anayetaka kuhukumu aulize kwanza.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Mihayo alipata nini kwenye benchi ya wasaidizi ambacho hakukipata alipokuwa mchezaji?
2. Kwa nini watu walimsifu Vidinić mwezi wa Machi na kumlaumu mwezi wa Juni?
3. Ni nani shuleni kwetu anayefanya kazi bila malipo, nasi hatujamshukuru?

Kwa ulizo la tatu, sisi wa darasa la mwisho tumeanza kujibu. Tuliandika barua ya kuomba msamaha, wote tukaweka jina, hata wale wanaosema kama hawakufungua kinywa siku ile. Bwana Prefe aliifikisha. Jumatatu mwalimu aliingia darasani kama kawaida, akafundisha ekwasio, akasahihisha daftari, hakutaja mpira. Hatujui atajibu nini, na hatuna haki ya kumharakisha.

Jumamosi hii, saa tisa ya mchana, tutakata majani ya kiwanja na kupiga chokaa upya. Akuje, asikuje, tutaifanya ile kazi. Anayetaka aje na panga au jembe. Atakayeleta kelele abaki nyumbani.

Kwa jina la darasa la mwisho,
Mkubwa wa wanafunzi