Somo kwa Kamati: Tulipofika Kilindoni Siku ya Bamvua



Katika masomo yaliyopita tumejifunza namna ya kuandika andiko la mradi na namna ya kutunza vitabu vya fedha. Safari hii tunaomba turudi nyuma kidogo, kwenye jambo linalotangulia yote hayo, yaani kwenda kuwatembelea watu. Tutatumia mfano wa ziara yetu wenyewe katika mji mdogo wa Kilindoni, kisiwani Mafia. Sisi wa Mbagala tulikwenda huko tukiamini tunakwenda kufundisha.

Kwanza tuujue mji wenyewe, maana hata hapa Dar es Salaam wapo wanaodhani Mafia ni sehemu ya Zanzibar. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, na kisiwa chake kinatazamana na delta ya mto Rufiji. Kwa sensa ya mwaka 2022 wilaya nzima ilikuwa na watu zaidi ya 66,000, ambao hawawezi kuijaza hata kata mbili kubwa za Temeke. Kilindoni ndiyo makao makuu. Zamani utawala ulikuwa katika kisiwa kidogo cha Chole, lakini Wajerumani wakauhamishia Kilindoni mwaka 1913 ili meli zipate mahali pazuri zaidi pa kutia nanga. Hawakukaa sana. Januari 1915 Waingereza waliteka kisiwa.

Mwenye uwezo hupanda ndege ndogo, na baada ya nusu saa hivi ameshafika. Sisi tulipita njia ya wengi: basi kutoka Mbagala Rangi Tatu, kupita Mkuranga hadi Bungu, kisha kuiacha barabara kuu na kushuka hadi Nyamisati, katikati ya mikoko. Kivuko cha MV Kilindoni kilipoanza kazi mwaka 2020 safari ilipungua adha, lakini bahari bado ina sauti yake. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga Mafia, hakukuwa na la kufanya ila kusubiri. Siku yetu haikuwa na kimbunga, ila tulipouliza mbona hatuondoki tulijibiwa neno moja tu: "Maji." Maji yalikuwa hayajajaa. Mweka hazina wetu akaanza kulalamika kwamba ratiba imeshaharibika. Tungekuwa na masikio, somo letu lingeanzia pale pale.

Kilindoni inampendeza mgeni mara moja. Minazi na miembe, soko dogo, msikiti, gati, mashua zilizolala mchangani maji yakiwa yametoka, na watu wanaosalimiana kwa kirefu bila kuangalia saa. Hakuna foleni wala honi. Watu wa mbali hufika hasa kati ya Oktoba na Machi, kumwona papa potwe anayekuja kula karibu na pwani ya mji. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, na hana madhara kwa mtu. Upande wa kusini na mashariki ya kisiwa kuna Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini. Ndani yake mna vijiji vya watu wanaoishi na kuvua kwa masharti.

Sasa tueleze kosa letu.

Tulikuwa na fedha ya mfadhili kwa ajili ya mafunzo ya ujasiriamali kwa kikundi cha wanawake. Mafunzo yalipangwa yawe ya wiki mbili mfululizo, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Ratiba tuliiandikia Mbagala, kwenye meza yenye kitambaa cha mezani. Siku ya kwanza tuliitisha mkutano wa utambulisho saa nne asubuhi. Tulikwenda ofisi ya mtendaji, tukasaini kitabu cha wageni, tukapanga viti. Hadi saa tano walikuwa wamekuja wanawake wanne na mzee mmoja, ambaye alikuwa amepita tu kutusalimia. Nje, chini ya mwembe, vijana na wanaume wazima walikuwa wamelala usingizi mzito. Mgeni mmoja katika msafara wetu aliwapiga picha, na mwingine akaandika katika daftari lake: "Mwamko mdogo."

Tukatoka kutafuta watu. Tulimkuta bibi mmoja amekaa barazani anasuka ukili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mmepotea?"

"Hapana, bibi. Tunawatafuta kina mama wa kikundi. Tuliwaita mkutanoni, hawakuja."

Akatutazama, kisha akaangalia upande wa bahari. "Leo si bamvua, wanangu? Wako pwani. Kwani kwenu Mbagala hakuna bahari?"

Wengine mtacheka, lakini tueleze vizuri, kwa sababu wanakamati wengi wa mjini hawajui jambo hili hata kama wamezaliwa pwani. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Katikati, mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali wala hayaji juu sana, nayo huitwa maji mafu. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Hapo miamba hubaki wazi, na wanawake huingia kwa miguu kutafuta pweza na makome. Anayelima mwani naye hufanya kazi zake wakati huo huo. Ni siku chache tu katika kila wiki mbili, na zikipita zimepita. Kwa maneno mengine, katika saa zote tulizoweza kuchagua, tuliichagua ile moja ambayo mwanamke wa pwani hawezi kuitoa.

Na wale waliolala? Mwezi ulikuwa mwandamo, usiku wa giza. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inafaa usiku usio na mbalamwezi. Wale wanaume walikuwa baharini tangu jioni ya jana hadi alfajiri. Zamani walitumia karabai, siku hizi wengi wana taa za betri, lakini usingizi wa asubuhi ni ule ule. Yule mgeni wetu mwenye kamera aliwakuta jioni wakiandaa nyavu. Akaifuta picha mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Tuseme ukweli, hapo ndipo ugumu ulipoanza. Mafunzo ya wiki mbili mfululizo lazima yaiguse bamvua. Tungeshikilia ratiba yetu na kutoa posho, viti vingejaa. Lakini wangejaa nani? Wangekuja wale wasiokwenda baharini, wenye maduka na ndugu wa viongozi. Walengwa wetu wangebaki kuchagua kati ya somo letu na chakula cha watoto. Nasi tungerudi na orodha nzuri ya mahudhurio yenye sahihi zote, na mfadhili angefurahi. Ripoti za namna hiyo tumewahi kuziandika, tusijifiche.

Usiku ule tulikaa na viongozi wa kikundi, safari hii baada ya sala ya Isha, kwa sababu wanachama karibu wote ni Waislamu. Walitupangia wao, kwa kuhesabu vidole na umri wa mwezi. Mafunzo yawe siku tano katika maji mafu, tusimame wiki ya bamvua, kisha tumalizie siku tano katika maji mafu yanayofuata. Ijumaa tumalize mapema. Mweka hazina akapiga hesabu: nauli mara mbili, malazi zaidi, na fedha itavuka mwisho wa robo mwaka. Tulimwandikia mfadhili tukamweleza yote, pamoja na kosa letu. Akajibu kwa kuuliza maswali mawili makali kuhusu gharama, kisha akakubali. Tunamshukuru. Wapo ambao wangekataa, na tungewaelewa, maana katika jedwali la bajeti hakuna mstari wa mwezi na maji.

Wengi mmehudhuria warsha za Fursa na Vikwazo na mnaijua kalenda ya msimu. Kalenda ile ni nzuri, lakini imezaliwa kwa mkulima: mvua, kupanda, palizi, mavuno. Ukiipeleka pwani ilivyo itakuambia mambo ya kusi na kaskazi, ila haitakuambia ni wiki gani ya mwezi kijiji kinabaki kitupu. Basi chora ya pili, ya siku 30, na umpe kalamu mtu anayeingia baharini. Chukueni na tahadhari nyingine ndogo ndogo: ulizeni Ramadhani inaangukia lini, vaeni kwa heshima, ombeni ruhusa kabla ya picha, na msiahidi kitu barazani, kwa sababu katika mji mdogo ahadi inafika nyumbani kabla yako.

Wala msidhani hili ni la visiwani tu. Kunduchi, hapo hapo Kinondoni, kuna wavuvi na wauza samaki wanaofuata maji yale yale. Mbagala hatuna miamba, lakini tuna mama lishe ambaye saa nne asubuhi yuko katikati ya supu na chapati, na tuna mchuuzi anayeondoka kwenda sokoni saa kumi za usiku. Mikutano yetu ya kamati tumeiweka Jumamosi saa nne kwa miaka mingi, kisha tunashangaa kwa nini wanaokuja ni wastaafu na watumishi wa ofisi.

Maswali ya kujadili kabla ya toleo lijalo: Katika mtaa wenu, nani hajawahi kuonekana kwenye mkutano wa kamati, na saa hiyo huwa wapi? Nani alipanga saa ya mkutano, na aliipanga lini? Na kwa ninyi wafadhili: kamati ikiwaandikia kwamba mradi utachelewa wiki moja kwa sababu ya bamvua, mtauliza nini kwanza?