Khiyari ya Mnunuzi: Somo Kutoka kwa Kadi ya Grafiki Iliyotumika



Ndugu zangu wanafunzi, somo letu ni khiyari, yaani haki ya mnunuzi kurudisha alichonunua, na mfano wake ni kompyuta yangu ya geimu. Wapo watakaosema geimu si mada ya gazeti letu. Sawa, lakini faranga tulizotumiwa na wazazi ni amana, na mauziano yana hukumu zake.

Nilitaka kuiongezea nguvu kwa fedha kidogo. Prosesa haikunisumbua. Madabodi yangu ni B450 yenye soketi ya AM4, ambayo AMD waliitumia tangu Ryzen za kwanza hadi Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022. Nikabadilisha prosesa peke yake, madabodi na RAM vikabaki vilevile. Ila sasisha BIOS kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado mahali pake. Ukiitoa mapema, kompyuta inaweza isiwake.

Balaa lilikuwa kwenye kadi ya grafiki. Hapa Bujumbura nilinunua RX 580 iliyotumika, bila kuijaribu. Kadi nyingi za aina hii zilichimba sarafu ya Ethereum usiku na mchana, hadi uchimbaji huo uliposimama Septemba 2022 zikamwagwa sokoni. Kufika chumbani, programu ya GPU-Z ikanionyesha viini 2048. RX 580 kamili ina 2304. Yangu ilikuwa toleo pungufu, 2048SP. Tena kila baada ya nusu saa ya mchezo skrini ilizima.

Nami nikafanya nini? Nikafungua ubavu wa kompyuta, nikaielekezea feni ya mezani, nikacheza wiki mbili! Nilipoirudisha, muuzaji akasema, "Mdogo wangu, umeshaitumia."

Nilikasirika mpaka nilipofungua mlango wa mauziano katika fiqhi ya Kishafii. Aliyekuta kasoro iliyokuwepo kabla hajakabidhiwa ana haki ya kurudisha, lakini afanye hima kwa kadiri ya desturi. Hakuna anayemtaka akagonge mlango wa mtu usiku wa manane. Akiendelea kukitumia ilhali anajua, haki hiyo imeanguka. Muuzaji ana dhambi yake ikiwa alijua akaficha, kama yule mwenye chakula sokoni ambaye Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo lake akakuta unyevu chini, kisa kilichopokewa na Muslim. Na maneno ya "ukishatoka mlangoni hakuna kurudisha" hayamwokoi katika kasoro ya bidhaa kama hii. Kilichonifunga mimi ni zile wiki mbili.

Kwa hiyo jaribu kadi palepale dukani, nusu saa nzima, GPU-Z ikiwa wazi. Maadamu hamjaachana, una khiyari ya majlisi: unaweza kuvunja mauziano hata bila sababu. Kama umeme umekatika, wekeni sharti la khiyari. Kwa Mashafii mwisho wake siku tatu. Tamkeni wakati wa kuuziana, si baadaye kwa simu.

Kadi bado ninayo, na ninaiuza. Jumatatu anakuja kuiona ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza. Juu ya kisanduku nimeandika: "2048SP, inazima baada ya nusu saa." Bei imeshuka chini ya nusu ya niliyotoa, na huenda asiichukue.