Rais mpya, msitu uleule

Swali: Hivi uchaguzi hubadili kweli sera ya tabianchi, au ni maneno ya jukwaani tu?

Jibu: Hubadili. Tazama Brazili. Oktoba 2022, katika uchaguzi wa urais, Lula alimshinda Rais Bolsonaro kwa asilimia 50.9, ushindi mwembamba kama uzi. Siku ileile ya kuapishwa, 1 Januari 2023, alisaini amri ya kuufufua Mfuko wa Amazon wa kulinda msitu, uliokuwa umekwama tangu 2019. Ukataji miti Amazon, unaopimwa kwa setilaiti, ukashuka kutoka takriban kilomita za mraba 11,600 mwaka 2022 hadi 6,300 mwaka 2024.

Ila Bunge nalo lilichaguliwa Oktoba hiyohiyo, na humo wenye mashamba makubwa wana sauti nzito. Desemba 2023 lilitengua veto ya Lula dhidi ya vipengele vya sheria vinavyobana madai ya ardhi ya wenyeji wa asili. Kwa hiyo ukiingia kituoni, karatasi ya mbunge usiitie alama kwa mazoea.