Kutambua Vipuri Vinavyobadilishana katika Magari ya Zamani

Utangulizi

Mjini Mwanza si ajabu kuiona Land Rover ya zamani imesimama uani kwa miaka mingi, magurudumu yamevuliwa na ekseli zimeegemezwa juu ya mawe. Mara nyingi injini yake ni nzima na chasisi haijaoza. Kinachoizuia kutembea ni beringi moja, au sili ya oili, au kipande cha bomba la breki, ambacho mwenyewe ameambiwa kwamba hakipatikani tena. Pengine kauli hiyo ni ya kweli. Lakini huenda pia kipuri hicho kipo dukani, mtaa wa pili, ndani ya kisanduku kisichoandikwa jina la gari hilo.

Kuna na hatari iliyo kinyume cha hiyo. Kipuri kisichofaa huweza kuonekana kuwa kinafaa. Kikafungwa, gari likatembea, na kosa likajitokeza siku gari linapoteremka kilima cha Bugando likiwa na abiria. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuyaepuka makosa yote mawili. Kanuni yake ni moja: vipuri hulinganishwa kwa vipimo, si kwa sura wala kwa jina la gari.

Kanuni hiyo ina uzito wa pekee katika mji huu. Bidhaa ziliufikia Mwanza kwa njia mbili: kwa meli za ziwani kutoka Kisumu, ambako reli ya Mombasa ilifika mwaka 1901, na kwa reli ya kutoka Tabora, iliyofika Mwanza mwaka 1928. Kwanza yalitawala magari ya Kiingereza, yaliyopimwa kwa inchi. Baadaye yakaongezeka ya Kifaransa na ya Kijapani, yaliyopimwa kwa milimita. Peugeot 404, kwa mfano, ilijipatia sifa kubwa iliposhinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Kwa hiyo mkebe wa nati katika gereji ya zamani una mchanganyiko wa mifumo kadhaa ambayo macho peke yake hayawezi kuitenganisha.

Maana ya kubadilishana

Zamani fundi alichonga kila sehemu kwa tupa mpaka ikaikaa mwenzake. Sehemu hiyo haikuweza kufaa katika mashine nyingine, hata iliyotengenezwa na fundi yuleyule. Mwaka 1908, katika uwanja wa Brooklands karibu na London, magari matatu ya Cadillac yalifunguliwa yote, sehemu zake zikachanganywa, na nyingine 89 zikabadilishwa kwa mpya kutoka ghalani. Kisha magari matatu yakaundwa upya kutokana na mchanganyiko huo, nayo yakaendeshwa maili 500. Jaribio hilo lilithibitisha kwamba sehemu zikitengenezwa kwa vipimo vilevile, ndani ya mipaka midogo ya tofauti inayoruhusiwa, yoyote yaweza kushika nafasi ya nyingine.

Baadaye viwanda vilikubaliana juu ya vipimo vya sehemu nyingi za kawaida. Ndiyo sababu beringi ya gari huweza kuwa sawasawa na beringi ya pampu ya maji au ya mashine ya kusaga.

Kusoma nambari ya beringi

Beringi nyingi za gololi zina nambari ubavuni. Tuchukue mfano wa 6305. Tarakimu ya 6 yaonyesha beringi ya gololi yenye mstari mmoja. Tarakimu ya 3 yaonyesha kundi la unene wake. Tarakimu mbili za mwisho, 05, huzidishwa kwa 5 na kutoa kipenyo cha tundu: milimita 25. Hesabu hii hufaa kuanzia 04. Nambari 00, 01, 02 na 03 zina matundu ya milimita 10, 12, 15 na 17.

Beringi 6205 nayo ina tundu la milimita 25, lakini kipenyo chake cha nje ni milimita 52 na unene wake 15, ilhali 6305 ina kipenyo cha nje cha 62 na unene wa 17. Shafti huingia katika zote mbili. Nyumba ya beringi hupokea moja tu.

Herufi zifuatazo nambari zisipuuzwe. Alama 2RS ina maana ya kufunikwa kwa mpira pande zote mbili; ZZ ni kufunikwa kwa bati. C3 yaonyesha kwamba nafasi kati ya gololi na njia zake ni kubwa kuliko kawaida, ili beringi isikaze inapopata joto. Beringi ya C3 isibadilishwe kwa ya kawaida bila sababu.

Magari ya Kiingereza ya zamani huweza kuwa na beringi za inchi. Beringi ya tundu la inchi moja ina milimita 25.4. Fundi asiyepima hushawishika kuisaga shafti ili beringi ya milimita 25 iingie. Asifanye hivyo, kwa kuwa shafti iliyosagwa haiipokei tena beringi yake ya asili. Sili za oili nazo huandikwa vipimo vitatu kwa milimita au inchi: kipenyo cha shafti, kipenyo cha nyumba, na unene.

Hesi za bolti na nati

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Joseph Whitworth alipendekeza mfumo wake wa hesi nchini Uingereza mwaka 1841. Meno yake yana pembe ya digrii 55. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana juu ya mfumo wa Unified, wenye meno ya digrii 60. Mfumo wa milimita pia una digrii 60, lakini vipenyo na nafasi za meno ni tofauti.

Bolti ya Whitworth ya inchi 3/8 na ile ya Unified ya meno mapana zote zina meno 16 kwa inchi. Nati ya moja huweza kuingia katika nyingine, lakini mbavu za meno hazilaliani vizuri kwa sababu pembe zake si sawa. Kwa bolti za nusu inchi hata idadi ya meno hutofautiana: 12 kwa Whitworth na 13 kwa Unified.

Mfano mzito zaidi ni wa nati za mabomba ya breki. Magari mengi ya Kiingereza ya zamani yana nati ya inchi 3/8 yenye meno 24 kwa inchi. Magari ya milimita hutumia sana nati ya milimita 10, ambayo umbali kati ya jino na jino ni milimita 1. Meno 24 kwa inchi ni sawa na milimita 1.058, tofauti ambayo jicho halioni. Lakini kipenyo cha inchi 3/8 ni milimita 9.525. Nati hiyo ikitiwa katika tundu la milimita 10 huingia, tena kwa ulaini wa kudanganya. Zaidi kidogo tu ya nusu ya kimo cha jino ndiyo inayoshika. Dereva akanyagapo breki kwa nguvu, shinikizo ndani ya bomba huweza kuzidi baa 70, yaani zaidi ya mara thelathini ya upepo wa tairi la gari dogo. Hapo meno huweza kung'oka, mafuta ya breki yakamwagika, na pedali ikazama.

Dawa yake ni kalipa na kipimio cha hesi, kile chenye majani ya chuma yaliyochongwa meno. Jani likilala juu ya hesi bila kuonyesha mwanga, ndilo lenyewe. Ulaini wa kuingia kwa mkono si kipimo.

Sura moja, mambo mawili

Injini ya Land Rover ya sentimita za ujazo 2,286 ilitengenezwa kwa miaka mingi. Hata hivyo, mwaka 1980 krenki yake ilibadilishwa kutoka kushikiliwa na beringi kuu tatu hadi tano. Kwa nje injini hizo hufanana sana. Krenki zake hazibadilishani. Kwa hiyo kabla ya kununua, nambari za injini na za chasisi zinakiliwe kamili, pamoja na herufi ya mwisho, kwani herufi hiyo huonyesha mabadiliko ya muundo.

Plagi nazo zina mtego wake. Urefu wa hesi ukizidi, ncha ya plagi huweza kugongana na pistoni. Tena nambari za joto hazisomwi namna moja: kwa NGK nambari kubwa ni plagi ya baridi zaidi, kwa Champion nambari kubwa ni ya moto zaidi.

Utaratibu wa kufuata

Kwanza, kipuri cha zamani kisitupwe hata kikiwa kimevunjika, ndicho ushahidi. Pili, kisafishwe na nambari zote zinakiliwe. Tatu, kipimwe mahali pasipolika. Nne, itazamwe kazi yake: mzigo, joto, mwendo na mafuta yanayokigusa. Mipira ya breki inayotumia mafuta ya breki ya kawaida, kwa mfano, huvimba na kuharibika ikiguswa na oili ya injini, hata kama vipimo vyake ni sahihi. Tano, ndipo duka litafutwe.

Kisichopatikana huweza kukerezwa. Bushi na vikato vidogo hufanyika vizuri katika karakana zenye mashine ya kukereza. Lakini viungo vya usukani na sehemu za breki zisiigizwe kwa chuma chochote kilichopo, kwa maana nguvu yake hutokana na aina ya chuma na jinsi kilivyopitishwa motoni, mambo ambayo kalipa haipimi.

Maswali ya kujipima

1. Beringi imeandikwa 6207 2RS C3. Tundu lake lina milimita ngapi, na alama mbili za mwisho zina maana gani?

2. Nati ya milimita 10 hukataa kuingia katika tundu la inchi 3/8, lakini ya inchi 3/8 huingia katika tundu la milimita 10. Ni kosa lipi kati ya hayo lenye hatari zaidi barabarani, na kwa nini?

3. Chagua vipuri vitatu katika gereji iliyo karibu. Andika vipimo vyake bila kutaja jina la gari, kisha mpe mwenye duka karatasi hiyo peke yake. Je, ameweza kuvipata?