Mpe Mbwa Wako Jina la Enzi Zile

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ita "Simba!" kwenye foleni uone. Watageuka mbwa watatu, na shabiki mmoja wa Msimbazi. Simba, Popi na Bobi yanatosha kwa kadi ya chanjo. Nyumbani mbwa anastahili jina la utani, na majina yanayochekesha kuliko yote yamelala midomoni mwa wazee.

Anza na mbwa mwenyewe, jina litafuata. Manyoya yakimfunika miguu mpaka kucha hazionekani, huyo ni Bugaluu, kama zile suruali za miaka ya 1970 zilizofagia barabara. Mgongo mrefu na miguu mifupi? Ikarusi, kwa heshima ya mabasi ya UDA ya Dar es Salaam yaliyokuwa na kiungo katikati. Anayemkagua kila mgeni getini ni Balozi. Waliokulia enzi za mabalozi wa nyumba kumikumi wataelewa.

Mimi nalipenda zaidi Mlanguzi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliposimamia msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, watu walihaha kuficha bidhaa. Sasa mtazame mbwa aliyepewa mfupa akiwa ameshiba. Anazunguka nyuma ya banda la kuku, anatupa jicho kushoto na kulia, anachimba, anafukia, anasawazisha udongo kwa pua. Kisha anarudi kibarazani kujilaza kama hajui lolote, na pua imejaa tope! Mzee aliyewahi kupanga foleni ya sukari miaka ile atacheka kabla hujamweleza. Ukiona unalazimika kueleza sana, tafuta jingine.

Utani uishie kwa mbwa. Majina ya watu, ya makabila na ya dini yaache kabisa. Kwetu kumwita mtu mbwa ni tusi zito, na jirani mwenye jina hilo hataona cha kuchekesha. Yapo pia majina ya vijembe, kama Hayakuhusu. Ni ya kale kweli, ila mbwa anaweza kuishi miaka kumi na zaidi, na utajikuta bado unamrushia jirani kijembe kila jioni wakati ugomvi wenyewe mlishausahau.

Majina mengi ya enzi zile ni marefu, na mbwa hushika upesi jina la silabi mbili. Basi likate: Buga, Rusi, Langu. Lisifanane na amri: ukizoea kumwambia "Kaa!", jina kama Karabai litamchanganya. Litamke kwa sauti ya uchangamfu, na akigeuka tu mpe dagaa mmoja papo hapo. Usilitumie kumkaripia, la sivyo atajifunza kukimbia akiitwa. Watoto nao wakibuni kifupi chao, kichukueni hichohicho, mradi nyumba nzima imwite kwa namna moja.