Kwa wakala wa Mwanza au kwa fundi wa Tarime?

Wadogo zangu, swali la sevisi ya gari linanifikia kwa sura mbili. Kuna kijana wa Nyamongo aliyepata zabuni, akakopa benki, akanunua Hilux mpya isiyotembea hata kilomita moja. Anataka kujua kama ni lazima kila sevisi aifuate mjini kwa wakala. Kuna na mwalimu wa Mugumu mwenye IST ya mtumba kutoka Japani. Wenzake shuleni wamemtisha kwamba gereji za mtaani zitaliua gari lake, eti alipeleke kwa wenyewe. Nawajibu wote wawili hapa hapa, kwa sababu jibu la mmoja likichukuliwa na mwingine, hasara ni ya laki nyingi.

Nianze na wewe, mura wa Nyamongo. Gari jipya lina waranti, na waranti ni mkataba kama ule uliosaini wa zabuni. Fungua kijitabu kilichokuja na gari, kisome jioni moja umetulia. Utakuta waranti inaisha baada ya miaka fulani au kilomita fulani, na kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa. Utakuta sevisi inatakiwa kila baada ya kilomita ngapi. Kisha tafuta kwa makini nani anaruhusiwa kuifanya. Kwenye simu utaona video za Wazungu wakisema fundi yeyote anaweza kufanya sevisi na waranti isiguswe. Kwao ni kweli: Umoja wa Ulaya una kanuni za ushindani zinazomlinda mwenye gari kwa hilo, na Marekani ina sheria ya waranti ya mwaka 1975 inayofanya kazi hiyo hiyo. Wewe gari lako umenunua Tanzania. Shika kilichoandikwa kwenye mkataba wako, na palipo na utata andika barua pepe kwa wakala, akujibu kwa maandishi. Maneno ya simu hayatakusaidia siku giaboksi imekufa.

Najua umbali unauma. Wakala mkuu wa Toyota nchini ni kampuni ya Karimjee Group, na makao yake yako Dar es Salaam. Hata ukipata wakala wa gari lako Mwanza, kutoka Tarime, kwa daraja la Kirumi, Bunda, Lamadi na Magu, ni takriban kilomita 300. Kwenda na kurudi 600. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 60, hujalala gesti, hujala, na siku mbili za kazi zimepita. Kama sevisi yako ni ya kila kilomita 5,000, safari hiyo peke yake imekula zaidi ya sehemu ya kumi ya kilomita hizo. Bado nasema nenda, mradi waranti ingali hai. Injini au giaboksi moja ya Hilux inagharimu zaidi kuliko safari zako zote za miaka hiyo.

Ila nenda kwa akili. Piga simu kwanza, weka miadi, uliza kama filta na vifaa vya gari lako wanavyo siku hiyo. Panga safari iendane na mzigo unaoufuata Mwanza. Mkiwa wazabuni kadhaa hapo Nyamongo wenye magari ya aina moja, mwandikieni wakala kwa pamoja, muulize kama anaweza kuwatumia mafundi; ombi la magari sita halisomwi kama ombi la gari moja. Na hili wengi hulisahau: mwezi mmoja kabla waranti haijaisha, lipeleke likaguliwe lote. Taja kila mlio, kila mtikisiko, kila unyevu uliouona chini ya injini, na hakikisha vimeandikwa kwenye karatasi ya kazi. Kilichoandikwa ndani ya muda una haki ya kukidai.

Mwalimu wangu wa Mugumu, wewe usihangaike na Mwanza kwa ajili ya kumwaga oili. IST yako imeshatembea Japani kwa miaka, imepita mnadani na bandarini, na waranti ya kiwanda haina tena. Ukienda kwa wakala utalipia bei ya juu bila ile kinga anayoipata mwenzako wa Nyamongo. Zaidi ya hapo, fundi anayefungua IST, Noah na Probox kila wiki yuko kwenye gereji huru, wala si kwenye karakana yenye sakafu inayong'aa. Kazi yako ni kumpata huyo, na usiridhike na yeyote mwenye ovaroli yenye grisi.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana gereji bubu tunazo nyingi na uchungu wake naujua kupitia barua zenu. Kabla hujamwachia mtu ufunguo, muulize swali ambalo jibu lake unalijua. Kwa IST ni hivi: toleo la kwanza lilitoka mwaka 2002 na giaboksi yake otomatiki ni ya kawaida, ya gia nne, toleo la pili lilianza mwaka 2007 na nyingi zake zina CVT, ile giaboksi isiyo na gia za ngazi. CVT ina oili yake peke yake. Mwambie fundi, "Hii yangu utaiwekea oili gani ya giaboksi?" Akijibu kwamba oili za giaboksi ni zile zile, mshukuru, ondoka. Akiinama kutazama bamba la chesesi au akauliza mwaka wa gari kabla ya kujibu, huyo ongea naye zaidi.

Wenye Land Cruiser za watalii, ninyi mnaoingia hifadhini kwa geti la Ikoma, swali lenu la kumpima fundi ni la timingi belti. Ile injini ya dizeli ya 1HZ, yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, inatumia belti, na kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita laki moja. Ikikatika njiani, valvu zinaweza kupinda. Mkinunua gari la mkono wa pili lisilo na kumbukumbu ya belti, hesabuni kwamba haijabadilishwa.

Vyeti navyo viulizwe. VETA wanafundisha ufundi magari, na wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazini bila kukaa darasani, kwa hiyo fundi mzuri wa mtaani hana sababu ya kukosa karatasi milele. Aliyepita mgodi wa North Mara huwa amezoea nidhamu ya kujaza fomu na kufuata ratiba, na hilo nalipenda. Lakini kushika malori makubwa ya mgodini hakumfanyi mtu bingwa wa CVT ya IST. Mpe naye swali lile lile.

Halafu vumbi. Kijitabu cha gari huwa na ukurasa wa matumizi magumu, na humo utakuta barabara za vumbi, mizigo mizito na safari fupi fupi. Hiyo ndiyo hali yetu wakati wa kiangazi. Kwa magari mengi, muda wa kubadili oili chini ya hali hiyo hupunguzwa hadi nusu. Filta ya hewa iliyotoboka inapitisha mchanga laini unaosaga ringi na kuta za silinda, na injini inaanza kula oili. Fundi wa Tarime au Mugumu anayelijua vumbi hili atafungua boksi la filta hata kama hukumwomba. Ndiyo maana naamini gereji huru nzuri ya karibu, inayoliona gari lako kila baada ya wiki chache, ina faida ambayo wakala wa mbali hawezi kukupa.

Spea na oili nunua mwenyewe au uwepo zinaponunuliwa. Bidhaa nyingi za upande wetu zinapita Sirari kutoka Isebania, za halali na za bandia pamoja, na macho peke yake hayatoshi kuzitenganisha. Nunua kwa muuzaji mwenye duka linalojulikana na anayetoa risiti ya EFD. Chupa za oili zilizoisha zitoboe kabla ya kuzitupa, zisijazwe tena zikauziwa mwenzako. Spea ya zamani uondoke nayo. Ukiuziwa bandia, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi ya kushughulikia bidhaa hizo, na risiti yako ndiyo mdomo wako.

Na tumlipe fundi haki yake, jamani. Tunamkata bei ya ufundi mpaka haibaki kitu, kisha tunashangaa akitafuta posho kwenye bei ya spea. Mkubaliane ufundi wa kueleweka, umlipe siku hiyo hiyo, na umwombe aandike: tarehe, kilomita, oili aina gani, filta zipi, alichokiona kinachoanza kuchoka. Fundi anayekataa kuandika, hata awe na mikono ya dhahabu, mimi simpi gari. Ninyi wanawake wenzangu ambao fundi anawaangalia kisha anaomba namba ya mume, mwambieni kwa upole kwamba wenye gari ni ninyi, na karatasi aandike kwa majina yenu.

Mwalimu, kuna jambo moja ambalo nitakuomba ufunge safari. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ilifungwa kwenye mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na mengineyo. Vifaa vya kuijaza, vikikaa miaka kwenye joto na unyevu, viliweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Watengenezaji wakayaita magari hayo kuyarekebisha, na Takata yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Chukua namba ya chesesi yako, itafute kwenye tovuti ya Toyota ya Japani, uone kama gari lako liliitwa na kama kazi ilifanyika kabla halijapanda meli. Ukikuta bado, wapigie simu mawakala uwaulize namna ya kulisaidia. Na taa ya mfuko wa hewa ikiwaka kwenye dashibodi, usimruhusu mtu wa gereji kuizima kwa kuchomoa balbu wala kufungua usukani kwa kubahatisha. Hiyo ni kazi ya wakala, hata kwa IST ya mtumba, hata kwa kilomita 600.