SOMO KWA WATUMISHI: KUTUNZA KALENDA YA OFISI KWA MSTARI WA AMRI, KWA MFANO WA TUNDUMA

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaletewa somo juu ya utunzaji wa tarehe, mikutano na sikukuu katika kompyuta kwa kuandika amri, bila ya kubofya picha za skrini. Mfano umechukuliwa Tunduma, katika Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016 baada ya kugawanywa Mkoa wa Mbeya. Visiwani saa ya ofisi ni moja kwa wote. Tunduma mtu huvuka barabara kwa miguu akajikuta ameingia katika saa nyingine.

Saa za Tanzania zinatangulia zile za Greenwich kwa saa tatu. Za Zambia, kwa saa mbili. Nchi zote mbili hazisogezi saa kwa majira, hivyo tofauti hiyo haibadiliki mwaka mzima. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walifungua rasmi kituo cha huduma za pamoja mpakani hapo, ambapo maofisa wa pande mbili hukagua mizigo mahali pamoja. Tangazo la mkutano linalobandikwa mahali kama hapo husomwa na watu wa saa mbili tofauti.

Kuna na tatizo la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Mswahili huhesabu saa tangu kuchomoza kwa jua. Kompyuta huhesabu tangu usiku wa manane. Mwandishi akiandika “mkutano saa 3” bila ya kutaja asubuhi, mgeni kutoka Lusaka aweza kuelewa kuwa ni alasiri, akafika watu wamekwisha tawanyika. Katika faili la kalenda, kwa hiyo, saa 3 asubuhi huandikwa 09:00 na saa 9 alasiri huandikwa 15:00, pasina mchanganyiko.

Katika kompyuta yenye mfumo wa Linux, saa ya ng’ambo ya mpaka hupatikana kwa amri hii:

TZ=Africa/Lusaka date

Endapo inatakiwa kujulikana mkutano wa saa 3 asubuhi wa Tunduma utakuwa saa ngapi Nakonde, huandikwa:

TZ=Africa/Lusaka date -d 'TZ="Africa/Dar_es_Salaam" 2026-07-08 09:00'

Jibu litaonyesha 08:00, yaani saa 2 asubuhi. Herufi kubwa na ndogo, pamoja na alama za kunukuu, zifuatwe kama zilivyo. Kompyuta haina huruma katika jambo hili.

Kwa upande wa sikukuu, programu iitwayo Remind inafaa sana. Kalenda yake ni faili la maandishi matupu, kila tukio mstari wake, na majina ya miezi na siku huandikwa kwa Kiingereza. Faili hilo, tuseme kalenda.rem, husomeka bila ya intaneti na huhamishika kwa flashi. Mistari yake huwa hivi:

REM 7 July +7 MSG Saba Saba
REM Mon 1 July +7 MSG Zambia: Siku ya Mashujaa
REM Tue 2 July +7 MSG Zambia: Siku ya Umoja
REM 24 October +7 MSG Zambia: Siku ya Uhuru

Alama +7 huamuru tahadhari ianze kutolewa siku saba kabla. Mstari wa pili maana yake ni Jumatatu ya kwanza kuanzia tarehe 1 Julai. Wa tatu umeandikwa 2, wala si 1, kwa sababu Siku ya Umoja huifuata ile Jumatatu. Mwaka ambao tarehe 1 Julai ni Jumanne, kama ulivyokuwa 2025, kuandika 1 kungeleta sikukuu wiki nzima kabla ya wakati wake.

Faida yake yaonekana kwa kulinganisha miaka miwili. Mwaka 2025 Siku ya Mashujaa iliangukia tarehe 7 Julai, sawasawa na Saba Saba. Mwaka 2026 inaangukia tarehe 6, na Siku ya Umoja ndiyo inayokutana na Saba Saba. Wakala wa forodha aliyepanga shughuli za benki ya Nakonde Jumatatu hiyo kwa kutazama kalenda ya Tanzania peke yake atamlaza dereva na lori lake hadi Jumatano.

Orodha ya leo hutolewa kwa kuandika remind kalenda.rem, na mwezi mzima kwa remind -c kalenda.rem. Anayetaka tahadhari zijilete zenyewe kila asubuhi hutumia cron, lakini afahamu kuwa kazi iliyopangwa saa 07:30 haitafanyika ikiwa umeme umekatika na kompyuta imezimika saa hiyo, na umeme ukirudi cron hairudii ya nyuma.

Idi ndiyo isiyoandikika kwa kanuni hizi. Ni sikukuu ya umma Tanzania, si ya Zambia, na tarehe yake hungoja mwezi kuandama. Mtunza kalenda huingiza mstari wa Idi kwa mkono usiku ule ule inapotangazwa, kisha huwapelekea taarifa wenzake wa Nakonde, ambao asubuhi yake watakuwa kazini kama kawaida.